Muindi Mbingu: Mtetezi wa ng'ombe katika nchi iliyosombwa na maji

KILA msimu wa mvua kubwa, Mto Sabaki huingia Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi ukiwa na rangi ya matofali. Kwa miaka mingi ufuo wa Malindi umekuwa ukijaa mchanga na tope, hata baadhi ya hoteli zilizojengwa zamani karibu na maji zimeachwa mbali na bahari. Udongo huo si wa pwani. Umesafiri mamia ya kilomita kutoka bara, kupitia Mto Athi unaozunguka mlima Ol Donyo Sabuk na kukata nchi ya Ukambani, ukageuka Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, na mwishowe ukaitwa Sabaki.

Mwaka 2007 wanasayansi waliochunguza tumbawe lenye umri wa miaka 300 hivi katika bahari ya Malindi walichapisha matokeo ya kushangaza. Kwa muda wa karne mbili, tangu mwaka 1700 hadi 1900, kiasi cha udongo kilicholetwa na mto huo hakikubadilika sana. Baada ya 1900 kilianza kupanda, na kikaendelea kupanda. Hiyo ndiyo miaka ambayo reli, serikali ya Uingereza na walowezi walikuwa wakikita mizizi bara.

Ni katika mvutano juu ya udongo huo, na juu ya nani alaumiwe kwa kupotea kwake, ndipo jina la Samuel Muindi Mbingu lilipovuma. Leo jina hilo limebandikwa kwenye barabara ya katikati ya jiji la Nairobi, inayopita mbele ya Soko la Jiji, na wengi huitamka kila siku bila kujua mwenyewe alikuwa nani. Katika mwaka 1938 mtu huyu wa Ngelani, Machakos, aliilazimisha serikali ya kikoloni kurudi nyuma bila kurusha mshale hata mmoja.

Ngelani iko jirani na vilima vya Mua. Ili kuelewa hasira ya watu wa huko, ni lazima kwanza kuvitazama vilima hivyo. Ni nchi ya juu, yenye hewa baridi na udongo mzuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilitengwa kuwa sehemu ya ardhi ya Wazungu, Wakamba wakazuiwa kulisha humo, na mahali pa malisho pakageuzwa mashamba ya matunda. Upande mwingine, nyanda za Yatta zilitangazwa kuwa mali ya serikali, na aliyetaka kuzipeleka ng'ombe zake huko alipaswa kuomba ruhusa na kulipa. Katikati ya maeneo hayo mawili ilibaki rizavu, eneo waliloachiwa Wakamba, ambalo mipaka yake haikupanuka ilhali watu na mifugo waliongezeka.

Kilichofuata ni rahisi kueleza. Ng'ombe na mbuzi walikula nyasi hadi mizizi. Ukame ulipoingia, kama ilivyotokea mwaka 1929 na tena kati ya 1933 na 1935, ardhi ilibaki uchi. Nzige nao walikuwa wamefanya kazi yao. Kisha mvua ya kwanza, ambayo Ukambani huja kwa kishindo baada ya miezi ya jua, iliangukia udongo usio na nyasi wala majani ya kuupunguzia nguvu. Maji hayakuzama. Yalitiririka juu ya ardhi iliyogandamana, yakakusanyika kwenye njia za ng'ombe, yakachimba vijifereji, na vijifereji vikawa makorongo yaliyoweza kummeza mtu mzima. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, ndio uliotangulia kuondoka.

Kwa hiyo hatari ilikuwa ya kweli, na jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, kwa maana masimulizi mengi ya kishujaa hulipita haraka. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa aliyesimamia uhifadhi wa udongo katika serikali ya koloni, aliandika taarifa ndefu kuhusu Machakos na kuieleza kuwa mfano wa kutisha wa nchi iliyoharibiwa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilikuwa imekwisha kutoa onyo la namna hiyo. Tena maofisa wa Kiingereza walikuwa wakisoma habari za Marekani, ambako katika miaka hiyo hiyo upepo ulikuwa ukiyabeba mashamba ya majimbo ya kati kwa mawingu ya vumbi. Waliogopa kwamba Afrika Mashariki ingefuata.

Ambacho maofisa hao hawakutaka kukiona ni sababu. Katika taarifa zao mkosaji alikuwa ng'ombe, na mwenye ng'ombe. Vilima vya Mua havikutajwa kuwa sehemu ya tatizo, wala nyanda za Yatta. Dawa waliyoiandika ilikuwa moja: kupunguza mifugo kwa lazima. Na ilitokea kwamba wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha kusindika nyama huko Athi River, mlangoni mwa Ukambani, kiwanda kilichohitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Wakamba hawakuhitaji kusoma ripoti yoyote ili kuunganisha mambo hayo mawili.

Mwanzoni mwa mwaka 1938 kazi ilianza. Kila eneo lilipangiwa idadi ya ng'ombe walioruhusiwa kubaki, na hao wakapigwa chapa. Waliozidi walichukuliwa na kuuzwa kwenye minada. Baadhi walikwenda kiwandani. Wengine walinunuliwa na walowezi kwa bei ya kutupa, na kupelekwa kulisha kwenye ardhi ile ile ambayo wenyewe walikuwa wamekatazwa kuikanyaga. Pengine hakuna jambo lililowachoma watu wa Ngelani kuliko hilo. Kama ng'ombe ndiye aliyeharibu nchi, mbona alipovuka ua na kuingia shamba la Mzungu hakuitwa tena mharibifu?

Kwa Mkamba wa wakati huo ng'ombe alikuwa mambo mengi kwa pamoja. Alikuwa mahari ya kijana na fidia ya aliyekosa. Alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, kwa kuwa mahindi yakikauka shambani, mnyama huweza kuswagwa hadi penye maji na majani, au akauzwa kwa nafaka. Kumwondolea mtu wa nchi kame nusu ya mifugo yake mara tu baada ya ukame ilikuwa sawa na kumfungia ghala lake na kuondoka na ufunguo.

Hapo ndipo Muindi Mbingu alipojitokeza. Pamoja na wenzake, miongoni mwao Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi, alikiongoza chama kilichojulikana kwa jina la Ukamba Members Association, kwa kifupi UMA. Chama hicho hakikuwa cha wasomi peke yao, na nguvu yake ilitoka hapo. Kilijengwa na vijana waliopitia shule za misheni, na kikaungwa mkono na wazee wenye mazizi, watu ambao kwa kawaida hawakuketi kwenye mkutano mmoja. Machifu walioteuliwa na serikali walijikuta wamebaki peke yao. Muindi alikuwa na karama ya kusema mbele za watu, na alikuwa na jambo la kusema ambalo kila nyumba ililielewa.

Barua na malalamiko vilipelekwa kwa wakubwa na havikuzaa kitu. Ng'ombe wa Ngelani walipokamatwa, subira ikaisha. Tarehe 28 Julai 1938 umati wa wanaume, wanawake na watoto uliondoka Machakos kuelekea Nairobi, umbali wa kilomita 60 na ushei, kumtafuta Gavana Sir Robert Brooke-Popham. Hesabu za watu hao hutofautiana, kuanzia 1,500 hadi 3,000. Hawakubeba silaha. Walisema kwamba wamekuja kumwona Gavana, na hawataondoka mpaka wamwone.

Walipiga kambi Kariokor. Mahali hapo panaitwa hivyo kutokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ambacho Waafrika wengi, Wakamba wakiwamo, walilazimishwa kukitumikia na maelfu yao hawakurudi makwao. Huenda hakuna aliyepachagua kwa makusudi, lakini watu wa Machakos hawakuwa wageni wa kumbukumbu hiyo. Walikaa hapo kwa wiki kadhaa, wakipikiana na kulala nje katika baridi ya Julai na Agosti, wakitii amri zote za polisi isipokuwa ile ya kurudi nyumbani.

Msaada ulitoka pande ambazo serikali haikuzipenda. Wanachama wa Kikuyu Central Association waliwapokea na kuwapa ushauri. Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kupeleka malalamiko yao mbele. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, alilifikisha jambo hilo kwenye magazeti ya Uingereza, na maswali yakaulizwa bungeni huko. Lililokuwa shauri la mazizi ya Ngelani likawa aibu ya Wizara ya Makoloni.

Kulikuwa na jambo jingine lililowakosesha maofisa usingizi, ingawa halikutajwa sana hadharani. Wakamba walikuwa wengi mno katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Ulaya ilikuwa ikielekea vitani. Serikali ambayo punde ingewahitaji wana wa Machakos washike bunduki haikuweza kuendelea kuwanyang'anya baba zao ng'ombe bila kupima gharama yake.

Mwishoni mwa Agosti Gavana alikwenda Machakos kuzungumza na watu kwenye baraza. Hakulegeza msimamo. Aliwaeleza kwamba mpango huo ulikuwa kwa manufaa yao, na wao wakamsikiliza na kubaki na msimamo wao. Muda mfupi baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Serikali ilitumaini kwamba kichwa kikiondolewa, mwili utatulia. Haikuwa hivyo: watu waliendelea kukataa, na kabla mwaka 1938 haujaisha unyang'anyi wa lazima ulisitishwa. Muindi alikuwa ameshinda, na habari za ushindi wake alizipokea akiwa mfungwa kisiwani.

Lamu ni mbali na Machakos kwa kila namna. Mtu wa vilima vikavu, aliyezoea kutazama mbingu akitafuta wingu, aliwekwa mahali ambapo maji yamemzunguka pande zote na yote ni ya chumvi. Hata hivyo wakazi wa kisiwa hicho nao wana shauri lao la zamani na maji. Maji matamu ya Lamu hutokana na mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Vilima hivyo huisitiri nchi dhidi ya bahari upande wa nje, na vikibomolewa chumvi huingia visimani. Mikoko nayo huvunja nguvu ya mawimbi katika mikondo ya visiwa. Kwa karne nyingi watu wa pwani hiyo wamejua kwamba nchi ya chini hukaa kwa hisani ya kitu kinachosimama kati yake na maji. Huko Machakos kitu hicho kilikuwa nyasi, na nyasi zilikuwa zimekwisha.

Vita vilipoendelea, serikali iliona nafasi ya kufunga midomo iliyobaki. Mwaka 1940 UMA ilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha watu wa milima ya Taita. Muindi alibaki Lamu hadi mwaka 1946, miaka minane hivi kwa kosa la kuongoza watu kwenda kumwona Gavana. Adhabu hiyo haikutokana na hukumu ya kesi ya wazi. Sheria za koloni zilimruhusu Gavana kumhamisha mtu aliyemwona hatari, na hiyo ilitosha.

Aliporudi, alikuta shauri la udongo likiwa palepale, ila dawa imebadilika. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, na sasa ilitaka matuta. Watu walipangiwa siku za kufanya kazi ya lazima kwa pamoja, wakichimba mitaro midogo ya kukata maji kwenye miteremko. Matrekta pia yaliletwa. Huko Matungulu, baada ya vita, watu walilala chini mbele ya matrekta hayo ili yasipite. Waliohukumu haraka walisema Wakamba hawapendi maendeleo. Lakini watu waliokwisha kuona vilima vya Mua vikichukuliwa walikuwa na haki ya kujiuliza: serikali inayotengeneza ardhi yako kwa gharama yake, kesho itasema ni ya nani?

Hapa ndipo ulipo uzito wa maisha ya Muindi Mbingu. Amekumbukwa kama mtu aliyekataa, na ni kweli alikataa. Lakini hakuwa adui wa udongo. Alichokataa ni nchi iokolewe kwa kumfukarisha mwenye nchi. Maher alikuwa sahihi kwamba Machakos ilikuwa ikiondoka na maji. Muindi alikuwa sahihi kwamba ng'ombe wa Ngelani hawakuwa chanzo cha balaa, kwa kuwa walikuwa wamesongamanishwa hapo na mipaka iliyochorwa na wengine. Laiti wawili hao wangekaa chini ya mti mmoja mwaka 1937, huenda miaka kumi ya uhasama ingeepukwa. Lakini koloni halikuwa mahali ambapo ofisa na mwenye zizi wangekaa chini ya mti mmoja.

Muindi hakuishi kuona mwisho wa shauri hilo. Aliuawa katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kipindi ambacho damu ya Waafrika wengi ilimwagika kutoka pande zote na masimulizi ya vifo hayakukosa utata. Wapigania uhuru waliokuja baadaye, hasa Paul Ngei, ndio waliojulikana zaidi Ukambani, na kizazi cha baada ya 1963 kilimjua Muindi kwa jina la barabara zaidi kuliko kwa kazi yake.

Yaliyotokea kwenye miteremko ya Machakos baada ya hapo ni sehemu ya habari hii. Mara kazi ya lazima ilipoondoka, kwanza watu waliyaacha matuta. Kisha, taratibu, walianza kuyajenga wenyewe. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, vingi vikiwa vya wanawake, vilipita shamba hadi shamba vikichimba mfereji kukingama na mteremko na kuurusha udongo upande wa juu. Njia hiyo ikaitwa fanya juu, na kwa jina hilo hilo la Kiswahili imeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote. Ni ngumu kuliko fanya chini, kwa maana udongo lazima uinuliwe kwa koleo dhidi ya mteremko. Faida yake ni kwamba tuta hukaa juu ya mfereji, hunasa udongo unaoteremka, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe hujisawazisha na kuwa ngazi.

Kuta za kuzuia maji si jambo dogo popote. Mwaka 1953 Bahari ya Kaskazini ilipobomoa kingo za Uholanzi na kuua watu zaidi ya 1,800 nchini humo, Waholanzi walitumia zaidi ya miongo mitatu na fedha zisizohesabika kujenga malango makubwa ya kuzuia dhoruba. Wakamba walijenga maelfu ya kilomita za kingo zao kwa jembe na koleo, kila familia kwenye shamba lake, na ni wachache nje ya Kenya waliolijua jambo hilo.

Walijua zaidi mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao juu ya Machakos. Walionyesha kwamba wilaya iliyokuwa na watu 240,000 hivi katika miaka ya 1930 ilikuwa na karibu milioni 1.4 kufikia 1990, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wataalamu wengine walipinga, wakisema picha hiyo imepambwa mno, na kwamba wakulima maskini wasio na ndugu wanaopokea mishahara mjini hawakuvuna manufaa hayo sawa na wenzao. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini makorongo yaliyomtisha Maher mengi yalikuwa yamezibwa, na waliofanya kazi hiyo ni wajukuu wa watu waliokaa Kariokor.

Ng'ombe nao hawakutoweka. Kwenye kingo za matuta hupandwa nyasi ili mizizi ishike udongo, na nyasi hizo hukatwa na kupelekewa ng'ombe aliyefungwa zizini, mmoja au wawili, badala ya kundi lililokuwa likitembea mteremkoni. Samadi yake hurudi shambani. Mto Athi bado hubeba tope mvua zinaponyesha, maana bonde lake ni pana na si kila mteremko una matuta, na Malindi bado huiona bahari ikibadilika rangi. Pale Ngelani, chini ya vilima vya Mua, ngazi za udongo huanza karibu na barabara na kupanda hadi macho yanapochoka kuzihesabu.